Chini ya Rangi

Fundi Tweve ameandika juu ya boksi la biskuti,
kwa penseli aliyoilamba ncha:
shokapu za mbele, jozi; rimu; usukani; taa;
tenki, kunyooshwa.
Chesisi... hapo penseli ilisita.
Akaandika "chesisi", akaiacha bila bei.

Jumla laki sita na themanini, chesisi haimo.
Mpya, dukani Mwanjelwa, milioni tatu na ushee.
Mimi nina laki nne, goti lililovimba,
na deni la kikoba. Mama Tumpe haliulizii,
ila siku hizi hunisalimia mara mbili.

Nimekalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa,
Uyole, mwezi wa sita, saa nne,
na jua bado halijaamua.

Kona ya Isongole haina deni kwangu.
Ukungu ulikuwa ukungu, kazi yake ni kuziba.
Lori la mbao lilikufa katikati ya njia,
utingo akakata matawi ya onyo
akayatandika hatua tano tu nyuma ya tairi,
maana baridi ilimrudisha kwenye kabini.
Niliyaona matawi. Niliyaona nikiwa juu yake.
Nyuma nilimpakia mwalimu Atuganile.
Sasa anaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto,
na watoto, nasikia, humsoma wakiwa wamelaza shingo.

"Injini nzima," akasema Tweve, akaipiga kiki.
Ikaitika mara moja, kama haikuambiwa kuwa tulianguka.
Hapo ndipo nilipoanza kudanganyika.
Moyo hupenda kinachoitika.

Akaja Seki, dalali wa Tunduma, na koti lake la ngozi.
"Nyoosha, piga rangi nyekundu, bandika stika ya simba.
Kuna kijana Mbozi ana pesa ya kahawa mkononi.
Nani atachungulia chini ya tenki?"
Milioni moja na laki mbili.
Nilizihesabu kichwani: zikalipa kikoba,
zikabaki, zikanunua viatu.

Tweve hakujibu. Akachukua msasa,
akasugua shingo ya chesisi palipokunjamana
aone ufa umefika wapi.
Rangi nyeusi ikatoka, ile yangu.
Chini yake bluu, ambayo sikuwahi kuijua.
Chini ya bluu, uvimbe.
Weldi.
Weldi ya zamani, imesawazishwa kwa tupa
kwa utulivu wa mtu anayejua anachokificha.

Kumbe kabla yangu kuna mtu alikalia ndoo.
Naye alikuwa na mama Tumpe wake.
Akatazama, akahesabu, akaambiwa:
kuna kijana Uyole ana pesa ya viazi.
Kijana huyo nilikuwa mimi,
niliyeizunguka mara tatu, nikagonga tairi kwa kisigino
kama bingwa, nikalipa bila kupunguziwa hata elfu kumi.
Miaka miwili nimepakia watu juu ya siri yake:
wajawazito wa kwenda Igawilo, wazee wa mnadani,
bibi harusi mmoja, kakumbatia viatu vyake vyeupe.

Nilitaka kumchukia. Sikuweza.
Sauti yake niliitambua,
ndiyo hiyo iliyokuwa inahesabu viatu.

"Kata," nikasema.
"Wapi?"
"Shingoni. Halafu katikati. Isije ikaungwa tena."
Msumeno ulichukua muda mrefu kuliko ajali.
Seki akawasha sigara, akatazama kidogo, akaondoka.

Sina pikipiki. Nina injini.
Labda mwakani nitaitafutia mwili, labda
itaishia kuzungusha mashine ya mjomba ya kukoboa. Sijui.
Mama Tumpe nitamwambia mwenyewe, kabla hajanisalimia.

Jioni nilirudi nikiwa abiria,
nyuma ya kijana nisiyemjua,
injini nimeiviringisha kwenye sweta, mapajani,
inanidondoshea oili kwenye goti bovu.
Tulipoanza kuteremka nikajikuta
nimeinama ubavuni mwake,
nachungulia chini ya tenki,
natafuta mahali rangi ilipovimba.